Kanga Katika Msimu wa Kutaga: Mtihani Ulio Karibu na Mikono Yetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na vyote vilivyomo. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Mvua za kwanza zinapoanguka katika nchi yetu ya Mpanda, na kwa kawaida huwa ni mwezi wa Novemba, kila mtu hushika jembe. Baba huenda kupanda mahindi na karanga, na akina mama pamoja na watoto huingia msituni kutafuta uyoga. Katika kuzunguka huko chini ya miombo, mtoto huweza kufunua kichaka cha nyasi akakuta kishimo kidogo ardhini, na ndani yake mayai kumi au kumi na mawili, magumu, ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Hayo ni mayai ya kanga. Hapana askari wa wanyamapori aliye karibu, wala mzee, wala mwalimu. Mkono wa mtoto na yai vimekaribiana. Je, afanye nini?

Swali hili laweza kuonekana dogo. Lakini sisi twaona ndani yake mna mambo matatu makubwa: maisha ya ndege ambaye Mwenyezi Mungu amemtandaza katika nchi yetu, hukumu za dini juu ya windo, na malezi ya vijana wetu. Basi ewe ndugu msomaji, tufuatane pole pole.

Kanga ni ndege wa namna gani

Hapana mtu wa mkoa wa Katavi asiyemjua kanga. Ni ndege mkubwa kuliko kwale, uzito wake ni kilo moja na kitu. Mwili wake ni mweusi wenye kunyunyiziwa vidoa vyeupe. Kichwa chake hakina manyoya, na juu yake pana pembe iliyosimama kama kofia. Yasemekana kwamba hata nguo ya kanga wanayojifunga mama zetu ilipata jina lake kutokana na vidoa vya ndege huyu. Anaye ndugu yake aitwaye kororo, mwenye kishungi cha manyoya kichwani, apendaye misitu iliyoshikana. Lakini huyu tunayemtaja hapa ni wa miombo, mbuga na kando ya mashamba.

Wakati wa kiangazi, tangu Mei hata Oktoba, kanga huishi kwa makundi. Anayesafiri kwa njia ya Sitalike na kupita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, huyaona makundi hayo yakienda mbio kandokando ya barabara, au yakishuka kunywa maji mahali ambapo mto Katuma haujakauka. Kundi hulala juu ya miti usiku, na asubuhi hushuka kuchakura ardhi. Chakula chao ni mbegu, mizizi midogo, mchwa, panzi na wadudu wengine. Mkulima humlaumu kanga kwa kufukua mbegu za mahindi, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini aseme pia kwamba kanga huyo huyo humlia panzi na viwavi shambani, wala hamdai ujira.

Mvua ikinyesha

Mvua ikisha kunyesha na wadudu wakawa wengi, lile kundi la kiangazi huanza kuvunjika. Madume hufukuzana. Dume moja hukimbia mbele ya wenzake amebinua mgongo na kubana mabawa ubavuni, mpaka umbo lake liwe kama la ndege mwenye nundu. Hiyo ndiyo njia yake ya kujionyesha kwa jike na kuwatisha wapinzani. Baadaye huondoka wawili wawili, jike na dume, kila jozi ikatafuta mahali pake. Mwenye masikio mazuri huwatambua kwa sauti: jike huita mlio wenye vipande viwili, ukirudiwa rudiwa, dume hawezi mlio huo.

Jike hufukua kishimo chini ya kichaka au katikati ya nyasi ndefu, akataga yai moja moja kwa siku, mara nyingi kati ya mayai sita na kumi na mawili. Huenda pia majike wawili wakataga katika kiota kimoja, na hapo mayai huwa mengi zaidi. Likitimia tago, jike huatamia peke yake muda wa siku ishirini na sita hivi hata ishirini na nane, ilhali kuku wetu wa nyumbani huatamia siku ishirini na moja tu. Siku zote hizo amejibana chini, hula kidogo na hukonda. Nguchiro humtafuta, na kenge, na chatu, na nyani humvizia mayai yake. Ulinzi wake ni kunyamaza na kutulia.

Vifaranga wakitoka, dume aliyekuwa akizunguka karibu na kiota hurudi kazini. Huwaongoza watoto, huwafunika kwa mabawa yake, na humpa jike nafasi ya kula na kurudisha nguvu zake. Vifaranga huhitaji wadudu laini ili wakue, nao hupatikana wakati wa mvua tu. Baada ya wiki mbili au tatu huweza kuruka kidogo, na ifikapo kiangazi kilichofuata wamekuwa wakubwa, familia zimekutana tena, na kundi limeundwa upya.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi Mola alivyopanga. Mvua ni ya wadudu, wadudu ni wa vifaranga, na vifaranga ni wa kundi la mwaka ujao. Mwenye kuvunja kiungo kimoja cha mnyororo huu, mnyororo mzima humkatikia mkononi.

Kanga na bata mzinga

Tuna sababu ya kumtaja hapa ndege mwingine, naye ni bata mzinga. Asili yake ni Amerika. Wenyeji wa Meksiko ndio waliomfuga kwanza, na Wahispania wakampeleka Ulaya katika karne ya 16. Watu wa Ulaya walimchanganya na kanga kwa majina, hata jina la Kigiriki la kale la kanga, meleagris, likapewa bata mzinga katika vitabu vya elimu ya viumbe, na mpaka leo analo. Basi ndege hawa wawili wamekuwa kama majirani walioshiriki jina moja.

Huko Marekani bata mzinga wa mwituni walikaribia kumalizika mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuwindwa ovyo na kukatwa misitu. Watu wakazinduka. Wakatia sheria, wakawahamisha ndege kutoka mahali walipobaki wakawapeleka mahali walipotoweka, na leo wanahesabiwa kwa mamilioni. Nao huwindwa hata majira ya kuchipua kwa majani, wakati wa kujamiiana kwao. Mtu aweza kuuliza: ikiwa wenzetu huwinda wakati huo na ndege hawaishi, sisi twakatazana kwa nini?

Jawabu ni kwamba ndege hawa hawafanani kwa mambo mawili. La kwanza, dume la bata mzinga hutambulikana mbali: hutanua mkia kama kipepeo cha mkono, huguruma, na ana shada la nywele kifuani. Kwa hiyo katika majira hayo, mahali pengi wawindaji huruhusiwa kupiga madume tu, na jike akaachwa juu ya mayai yake. Lakini kanga dume na kanga jike wamevaa nguo moja. Pembe ya dume ni kubwa kidogo, na vinyama vya mashavuni vimezidi kidogo, lakini nani awezaye kupima hayo akiwa amejificha nyuma ya mti na ndege wanakimbia?

La pili, dume la bata mzinga hupanda majike wengi kisha huenda zake, wala halei mtoto. Akifa yeye, kiota hakipungukiwi na kitu. Dume la kanga ni baba mwenye nyumba. Akipigwa yeye, jike aliyekonda hubaki peke yake na kundi la vifaranga, na wengi wao huliwa au hufa kwa baridi ya mvua.

Basi kwa kanga, jicho la mwindaji haliwezi kuwa kinga ya mzazi. Kinga yake ni moja tu, nayo ni wakati. Mkono ukizuiliwa wakati wa mvua, kundi hupona. Usipozuiliwa, hakuna hila nyingine.

Hukumu ya windo

Dini yetu haikukataza kuwinda. Katika Suratul Maida, Mwenyezi Mungu amehalalisha windo kwa waumini, na akafundisha adabu zake: kutaja jina la Mwenyezi Mungu, na kula kilichopatikana kwa njia safi. Kanga si ndege mwenye kucha za kunyakulia, kwa hiyo nyama yake ni halali, na yai lake ni halali. Hatuna mamlaka ya kuharamisha alichokihalalisha Mola wetu, wala hatudai hivyo.

Lakini Sharia hiyo hiyo imetufundisha kwamba kitu halali kina wakati wake na mahali pake. Aliyevaa ihramu haruhusiwi kuwinda mnyama wa nchi kavu. Katika Haram ya Makka windo haliuawi wala halishtuliwi. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mwenye ihramu akivunja yai la ndege wa windo, yampasa alipe thamani yake. Tazama yai lilivyohesabiwa!

Na katika sura hiyo, aya ya 94, Mwenyezi Mungu anawajulisha waumini kwamba atawajaribu kwa kitu katika windo, ambalo mikono yao na mikuki yao italifikia, ili adhihirike anayemcha pasipo kuonekana na watu. Imamu Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, amepokewa na Qurtubi katika tafsiri yake akieleza kwamba kinachofikiwa na mikono ni makinda na mayai na kila kisichoweza kukimbia, na kinachofikiwa na mikuki ni windo kubwa. Aya hii yahusu watu walio katika ihramu. Lakini mafunzo yake yanamfikia kila mtu aliyesimama peke yake msituni mbele ya kiota: mnyonge asiyeweza kukimbia amewekwa karibu na mkono wako, na hakuna akuonaye ila Mola wako.

Amepokea Abu Daud kutoka kwa Ibn Masud kwamba masahaba, wakiwa safarini, waliona ndege mdogo na makinda yake mawili, wakayachukua. Mama yao akaja akipigapiga mabawa chini. Mtume (s.a.w.) alipofika akauliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa ajili ya watoto wake, na akaamuru warudishiwe mama yao. Masahaba hawakuwa katika ihramu ya kukatazwa windo kwa mujibu wa maneno ya hadithi hiyo; kilichotajwa ni huzuni ya mama. Na hayo yatosha kwa mwenye moyo.

Zingatia na jambo hili pia. Mwenye kukuta kiota hajui kama mayai ni ya jana au yameatamiwa wiki tatu. Mara ngapi mayai yamechukuliwa yote, yakavunjwa kwenye kikaango, na ndani yake wakakutwa vifaranga wenye manyoya? Kifaranga aliyefia ndani ya yai ni mzoga, haliwi. Kwa hiyo nyumba haikupata kitoweo, na mwitu umepoteza uzazi wa mwaka mzima. Huo ndio israfu, na Mwenyezi Mungu hawapendi wenye kufanya israfu.

Tanzi, manati na sumu

Jambo hili twaliandika khasa kwa vijana wetu, maana wengi hulifanya pasipo kujua. Ndege aliyenaswa kwa tanzi akafa kwa kunyongeka si halali. Ndege aliyepigwa kwa jiwe la manati au rungu akafa kwa kishindo cha pigo si halali. Aya ya 3 ya Suratul Maida imewataja wote wawili: aliyekufa kwa kunyongwa na aliyekufa kwa kupigwa. Na Adi bin Hatim alipomwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya fimbo ya kuwindia, aliambiwa ale kilichochomwa kwa ncha yake, na asile kilichouawa kwa ubapa wake. Akikutwa bado yu hai uhai ulio thabiti, na akachinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, hapo analiwa. Vinginevyo ni mzoga, hata kama mchuzi wake unanukia nyumba ya tatu.

Ama kutupa vijiwe kwa mchezo, Mtume (s.a.w.) amelikataza, akaeleza kwamba hakuwindi windo wala hakuumizi adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Na Ibn Umar alipowapita vijana waliomfunga ndege wakimlenga kwa mishale, aliwaambia kuwa Mtume amemlaani anayefanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha. Basi kijana anayempiga ndege kwa manati ili ajaribu shabaha yake, na ajue anasimama mahali gani.

Ubaya ulio mkubwa kuliko yote ni sumu. Wapo watu katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki wanaochanganya dawa kali za wadudu na nafaka na kuimwaga ili ndege wafe. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi ya Kenya, jambo hili limejulikana kwa miaka mingi, na ndege hao wakauzwa na kuliwa. Nyama hiyo ni mzoga na ni sumu pamoja. Mwenye kuiuza amemdhuru Muislamu na asiye Muislamu.

Sheria ya nchi

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda bila kibali, na yakataza matanzi na sumu. Nayo inapomtaja mnyama, hutia ndani na watoto wake na mayai yake. Ndani ya Hifadhi ya Taifa hakuna kuwinda kabisa. Nje ya hifadhi, mwenye kibali huwinda kwa msimu, na msimu hufunguliwa tarehe 1 Julai. Siku hiyo mvua zimekwisha, vifaranga wa Januari na Februari wameota mabawa ya kuwaokoa, na makundi yamekusanyika. Aliyeiweka tarehe hiyo ameyafuata maumbile. Tarehe za kufunga msimu na idadi ya ndege huwekwa kwa kanuni, na kanuni hubadilishwa. Basi mwenye haja aende ofisi ya wanyamapori ya wilaya, asisikilize maneno ya barazani.

Wapo wasemao, "Hiyo ni sheria ya serikali, si ya dini." Twawajibu kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliitenga ardhi ya Naqii kuwa malisho yaliyohifadhiwa, na Sayyidna Umar akatenga Rabadha. Kutenga mahali na wakati kwa maslahi ya wote si jambo geni katika Uislamu. Na kuwatii wenye mamlaka katika jambo lisilo maasi kumeamrishwa katika Suratun Nisaa, aya ya 59.

Yatupasayo nyumbani

Enyi akina baba, msiwape watoto gobore wala tanzi majira ya mvua kisha mkasema mnawafundisha uanaume. Uanaume wa kanga dume katika majira hayo ni kuwafunika watoto wake kwa mabawa.

Enyi akina mama, mtoto akirudi na mayai ya mwituni, msimpokee kwa kicheko na sufuria. Mwulizeni alipoyatoa, na kama pako karibu na ni salama, ayarudishe mara moja. Na mchuuzi akija mlangoni na kanga aliyekwisha nyonyolewa, mtazameni shingoni. Ikiwa hakuna alama ya kisu, msinunue, hata akipunguza bei. Tangu mwaka 2020 zipo kanuni za mabucha ya nyamapori yenye leseni. Mwenye kuitamani nyama hiyo na aulizie huko, na aulize pia imechinjwa na nani.

Mwenye kutaka kanga wa kufuga, asianze kwa wizi wa kiota. Aulize ofisini juu ya kibali, anunue kwa mfugaji anayejulikana, na amwekee kuku mtulivu mayai hayo, akikumbuka kumwongezea siku zake, maana za kanga ni nyingi kuliko za kifaranga chake mwenyewe. Na mkulima anayefukuliwa mbegu zake, na alinde shamba siku zile chache za kuota, kwa kelele na debe. Mbegu ikisha kuchipua na kusimama, ugomvi mwingi wa kanga umekwisha.

Na nyinyi vijana wetu, mtakapokuta kiota chini ya miombo, rudini nyuma kwa taratibu, msikanyage njia mpaka kwenye mayai, maana nguchiro hufuata njia hiyo. Wala msimwonyeshe mwenzenu. Sadaka ya siri ni ile ambayo mkono wa kushoto haujui ulichotoa mkono wa kulia. Na yai uliloliacha mahali pake, pasipo mtu kukuona, lina sehemu katika sadaka hiyo. Miezi sita baadaye utakapoliona kundi likivuka njia ya kwenda shamba, vidoa vyao vikimeta kwa umande, hutajua ni yupi aliyetoka katika kiota kile. Mola wako anajua.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaomcha pasipo kuonekana, na wanaowahurumia viumbe vyake ili nasi tuhurumiwe. Amin.

Wabillahi tawfiq.